Ngozi Aliyovaa Wafula

Mke wangu Rosebellah Nasimiyu hakuzaa. Ninalisema mapema kwa sababu kwetu Bungoma ndilo watu huuliza kwanza. Huku Riyadh pia, wanawake wa nyumba kubwa ndilo walimuuliza kwanza. Alikuwa akijibu, "Mungu alipita mlango wangu nikiwa kisimani," kisha anaendelea kukata vitunguu.

Mimi nilimtangulia kuja. Nilikuwa saisi, mtunza farasi, kule Ngong, na mtu mmoja akanipatia kazi kwa Abu Yassir. Huyu ana shamba nje ya Riyadh na anafuga farasi wa mashindano ya kuruka viunzi. Baadaye akaniuliza kama nina mke anayejua kupika. Nikasema ninaye. Rosebellah akaja, akapewa jiko la wafanyakazi. Tulipewa chumba nyuma ya zizi, tukazeekea humo.

Alilisha watu ugali mpaka Mpakistani wa trekta akawa anauitisha kwa jina. Farasi hakuwapenda. Alisema farasi ni ng'ombe aliyekataa kukamuliwa.

Sasa nieleze Kardinali, maana bila yeye hakuna kisa.

Kardinali alikuwa dume la kahawia, Abu Yassir alimnunua Ujerumani. Abu Yassir alikuwa akihesabu ukoo wake jinsi wazee wetu wanavyohesabu mababu wakati wa tohara. Alituambia kwamba zamani farasi wa Holstaini walikuwa wazito, wa kuvuta mizigo. Wenyewe wakaleta dume mmoja kutoka Ufaransa, Kor. Watoto wa Kor wakaja wakikunja miguu ya mbele hewani, magoti karibu na kidevu, mgongo umepinda kama upinde. Wajukuu hivyo hivyo. Dume mmoja, na farasi wa nchi nzima wakaruka kwa namna nyingine. Kardinali alitoka kwenye damu hiyo.

"Farasi hufa, Elphas," Abu Yassir aliniambia. "Damu haifi, ikipata pa kupita."

Kwa Kardinali haikupata. Uzeeni mbegu zake zilikuwa hafifu. Majike walipandwa, hawakushika. Akashika mmoja tu, Shamsa. Kisha Kardinali akaumwa tumbo katika joto la kiangazi, akafa mimi nimeshika kamba yake. Damu yote ile ikabaki ndani ya tumbo la Shamsa.

Chumba cha pili kutoka kwa Shamsa alikuwa Bibi, jike wa kawaida, mkali, mwenye mimba ya dume lingine lisilo na jina. Siku yao ikafika pamoja. Ilikuwa asubuhi ya mvua, na mvua Riyadh ni mgeni. Bibi akazaa kwanza. Mtoto dume, wa kahawia, amekufa. Hatujamwondoa, Shamsa naye akaanza. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa chake, Rosebellah akapokea kwa nyuma, maana watu walikuwa kwa Bibi. Mtoto dume, wa kahawia, mzima. Lakini Shamsa hakuacha kutoka damu. Kabla ya adhuhuri akawa amekwenda.

Abu Yassir alikuwa safarini. Mtoto akakataa chupa. Tukampeleka kwa Bibi, ambaye maziwa yalikuwa yanamdondoka. Bibi akamrusha ukutani kwa teke.

Tulisimama pale kama watu wanaongoja basi. Rosebellah akaenda jikoni akarudi na kisu.

"Mnaangalia nini?" akasema. "Kwenu ng'ombe akifiwa na ndama mnafanyaje? Mnampigia simu daktari?"

Gilbert, msimamizi wetu, kijana wa Kakamega aliyesoma, akasema, "Mama, huyu si ng'ombe. Huyu ni mali ya mamilioni."

"Basi wacha hayo mamilioni yafe njaa."

Akapiga magoti kwenye mvua, akamchuna yule mtoto wa Bibi aliyekufa. Ngozi ya shingo na mgongo, na nywele zake. Akamvika mtoto wa Shamsa, akaifunga chini ya tumbo kwa vipande vya leso yake. Tukamsogeza tena. Bibi akanusa mgongo. Akanusa shingo. Akatoa sauti ambayo sijui niiandike vipi. Kisha akatulia, na mtoto akanyonya.

"Huyu ni Wafula," Rosebellah akasema. "Amekuja na mvua." Mikono yake ilikuwa na damu hadi viwiko, na alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka vile.

Wafula aliivaa ile ngozi siku kadhaa. Ndani ya siku hizo Gilbert akaja na bahasha. Farasi wa ukoo lazima apimwe. Unang'oa nywele za shingo pamoja na mizizi yake, zinapelekwa Ulaya, kule wanalinganisha na za wazazi. Bibi alilaza masikio, hakutaka mtu karibu. Gilbert akapenyeza mkono kwenye nondo za mlango, akang'oa upesi, akaruka nyuma.

"Huyu mama ataniua!"

Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Ngozi ilipoanza kunuka Rosebellah akaivua, akaizika.

Karatasi ikarudi. Ilisema mtoto huyu si wa Kardinali. Wala si wa Shamsa. Ni wa Bibi na lile dume lisilo na jina.

Abu Yassir alikuja zizini amevaa nguo za msiba. Sitanii. Hakupaza sauti.

"Watoto wawili asubuhi moja," akasema. "Mmewachanganya. Wa Kardinali ndiye aliyekufa, mkamchuna kama mbuzi."

Rosebellah akafuta mikono kwenye aproni. "Baba, huyu nimempokea mimi kutoka kwa Shamsa. Alikuwa bado anatoa moshi."

"Karatasi haina sababu ya kuniongopea, mama."

"Na mimi ninayo?"

Abu Yassir akaikunja ile karatasi. Akaondoka. Karatasi ikishasema, mtu asiyesoma aseme nini? Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Shamsa, nilijua. Nilisema pia. Wakasema mume ni lazima aseme kama mkewe.

Watu wa zizi wakamwita mtoto Mafi, yaani "hakuna" kwa Kiarabu. Mafi baba, mafi mama, hana hiki hana kile. Aliyelitamka jina hilo karibu na jiko alipigwa mwiko. Wakaanza kumwita mke wangu Mama Wafula kwa kejeli. Akaitika. Akaitika kila mara, mpaka kejeli ikaisha, likabaki jina lenyewe. Na mimi nikawa Baba Wafula, mwanamume wa miaka yangu, sina hata kuku.

Bibi alimwachisha kunyonya, Rosebellah akamwendeleza. Alitembea na sweta la kijivu lenye mifuko mikubwa, na katika mfuko wa kulia hakukosa tende. Wafula alikuwa akitia pua mfukoni mwenyewe, kama mtoto anayejua mama ameweka wapi peremende.

Siku moja alitaka tende na Rosebellah yuko upande wa pili wa ua. Wafula hakuzunguka. Aliuruka ule ua. Aliporuka, magoti yalikwenda juu yakakunjwa chini ya kidevu, na mgongo ukapinda. Niliacha ndoo ikaanguka.

"Gilbert! Umeona?"

"Mzee, hata mbuzi anaruka."

"Mbuzi hakunji hivyo."

"Wachana na hiyo stori, Baba Wafula. Karatasi ilishaongea."

Nikamwomba Abu Yassir aje aone. Akaja. Rosebellah akasimama upande wa pili na tende, Wafula akaruka tena. Nilikuwa naangalia uso wa Abu Yassir, si farasi. Nilimwona mtu anayesikia sauti ya marehemu chumba cha pili. Kisha akaufunga ule uso.

"Hata punda akiitwa kwenye chakula huruka," akasema. "Sifugi dume lisilo na ukoo. Litaniharibia majike. Baridi ikija, nzi wakipungua, ahasiwe."

Kuhasiwa, ndiyo halas, ndiyo mwisho. Farasi ataishi, ataruka, atakula vizuri. Lakini hakuna kitakachotoka kwake. Rosebellah alilia siku ile kama mtu aliyeambiwa tena yale ya kliniki, kwamba hatazaa. Ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa habari ya farasi peke yake. Alitaka kitu kimoja alichokishika kwa mkono wake kisiishie hapo.

Akasema, "Nitamwomba Baba mpaka achoke."

Hakupata nafasi. Binti wa Abu Yassir alijifungua Jeddah, Rosebellah akatumwa kumpikia. Baridi ikaingia. Mimi nikapelekwa Jeddah na lori la farasi wa mashindano, nikafurahi, nitamwona. Nilimkuta hospitali. Tumbo, walisema, na amechelewa kuletwa.

Alikuwa amekonda kiasi kwamba sweta lilimkaa kama la mtu mwingine. Aliniuliza habari moja tu.

"Wameshamkata?"

"Bado."

"Usiache, Elphas. Mwambie Baba. Wakimkata, mimi nilikuja dunia hii kukata vitunguu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Yaliyofuata yalikuwa ya maumivu.

Kumrudisha Bungoma kulishindikana. Alizikwa Jeddah, kwenye makaburi ya wageni wasio Waislamu, ndani ya ukuta, magari yakipita nje. Hakuna mgomba pale. Jael, mwanamke wa kwetu anayefanya usafi mtaa wa Bani Malik, aliimba peke yake mpaka sauti ikakatika.

Abu Yassir alikuja mpaka langoni. Nikamshika mkono.

"Baba, Rosebellah aliomba. Yule Wafula…"

"Elphas," akasema kwa upole, "leo mlilie mke wako. Ya farasi yatangoja."

Alisema kwa wema. Lakini hakumpigia simu mtu yeyote Riyadh kusema kwamba yangoje.

Nilikaa kwa Jael nyumba ya kupanga Bani Malik, katika chumba cha wanawake, wakanining'inizia pazia. Kwetu siku ya tatu baada ya maziko wafiwa hunyolewa. Jael alisema, "Shemeji, ugenini au si ugenini, nywele za kifo hazilali kichwani." Akatandika gazeti, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimevaa sweta la Rosebellah. Sikuwa nimelivua tangu hospitali. Lilikuwa na harufu yake, na ya farasi.

Akanyoa upande mmoja. Nywele zangu nyeupe zikaanguka mabegani. Jael anazikusanya zote, maana hazitupwi ovyo. Akasimamisha wembe.

"Huu si wako."

Akainua unywele mmoja kutoka begani kwangu. Mrefu, mwekundu wa hina.

"Ni wa Rosebellah," akasema. "Umeuvaa pamoja na sweta. Mtu asiyejua angesema ni wako, umetoka kwako."

Nikauangalia.

Nikauona mkono wa Gilbert kwenye nondo. Niliuona kama uko mbele yangu. Unapita mlangoni, unafika kwenye shingo ya Wafula, unang'oa upesi. Unang'oa za juu. Za juu hazikuwa za Wafula. Wafula alikuwa chini ya ngozi. Zile nywele zilizokwenda Ulaya zilikuwa za mtoto wa Bibi, yule aliyekufa. Karatasi haikuongopa. Iliulizwa habari za mtoto mwingine.

"Jael," nikasema, "nipe viatu."

"Nusu ya kichwa bado!"

"Nipe viatu."

Nilimpigia Gilbert ngazini. Simu inalia, hapokei. Nikapiga tena ndani ya teksi, nimebanwa kati ya vibarua wawili waliokuwa wanatazama kichwa changu na kusogea. Hapokei.

Kwenye lango la uwanja wa mashindano alikuwa mlinzi Mkenya, Lawrence.

"Heh! Mzee, kinyozi alikimbizwa na polisi?"

"Nimefiwa na mke."

Akafungua.

Abu Yassir alikuwa ameketi kivulini kando ya uwanja, kahawa mkononi. Farasi wa mtu mwingine alikuwa anaruka. Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti kwa sababu ya kazi. Nikamweleza. Ngozi. Nondo. Nywele. Nilieleza vibaya, nikarudia, Kiarabu kikaniishia, nikavua sweta nikalivika kiti, nikang'oa nyuzi kwenye sweta, nikamwonyesha. "Hizi si za kiti, Baba! Hizi si za kiti!" Watu waligeuka. Nilijua wanaona mzee kichaa mwenye nusu ya kichwa.

Abu Yassir hakucheka.

"Gilbert alisema aling'oa shingoni."

"Shingoni, Baba. Na ngozi ilifika shingoni."

Akachukua simu. Hakumpigia Gilbert, alimpigia daktari wa farasi, yule Msudani. Akaiweka sauti nje.

"Yule dume mdogo wa uani. Usimguse."

"Salaam, Baba. Huyo tumemaliza asubuhi, kabla ya jua. Kazi safi. Amesimama, anakula."

Abu Yassir akainuka. Kahawa ikamwagika kwenye kanzu yake nyeupe, hakuitazama.

"Ulivyovitoa viko wapi? Viweke kwenye barafu! Sasa hivi, yalla! Ndani yake kuna mbegu, inawezekana kutoa, nimeona wakitoa Ujerumani. Viko wapi?"

Tulisikia ndoo mahali fulani, na mtu anapiga mluzi.

"Baba… Gilbert aliwapa mbwa."

Uwanjani yule farasi alimaliza, watu wakapiga makofi.

Abu Yassir akakaa. Sikujua niinuke au nibaki chini. Nilibaki.

"Baba," nikasema baadaye, "tung'oe nywele nyingine. Zake mwenyewe, za mkiani. Tupime."

"Ili iweje?"

"Ijulikane. Rosebellah alisema kweli. Hakuna aliyemwamini."

Akakitazama kichwa changu kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kama karatasi ya kwanza ni kweli," akasema, "Kardinali alikufa kwa tumbo, na mtoto wake kwa amri ya Mungu. Ukiniletea ya pili, mimi ndiye niliyemaliza ukoo wake. Niliamuru kwa mdomo wangu. Nilimwona akiruka, Elphas. Nilimwona, nikasema punda." Akafuta kanzu kwa kiganja, doa likaenea. "Usinipe karatasi hiyo. Halas."

"Lakini mke wangu…"

"Halas, ndugu yangu."

Hajawahi kuniita hivyo, si kabla wala baadaye.

Nilirudi Bani Malik. Jael alikuwa amekaa palepale, wembe kwenye sahani ya maji.

"Ulifika?"

"Nilifika."

Akamaliza upande uliobaki. Nywele zangu akazifunga kwenye gazeti. Ule mmoja wa hina nilimwambia aniachie.

Sasa niko Riyadh. Jikoni wameleta mpishi mwingine, kijana. Ugali hajui. Gilbert hatamki tena jina la Mafi. Siku niliyorudi alisimama mlangoni pangu, akasema, "Baba Wafula, mimi nilijua nimeshika farasi." Nikamwambia najua. Angefanya nini? Mimi nilikuwepo, nilikuwa nacheka.

Abu Yassir hapiti upande wa ua siku hizi. Majike wanaletewa mbegu kutoka nje, madume ambayo hatutawaona kamwe. Karatasi ya Wafula iko vilevile. Imeandika mama Bibi, baba lile dume. Nikifa mimi, hakuna atakayebaki anayejua kwamba mke wangu hakuongopa. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Farasi akishahasiwa hutembezwa, ili uvimbe usikae. Daktari aliniagiza nimtembeze Wafula asubuhi na jioni. Navaa sweta, kwa ajili ya baridi. Anakuja upande wa kulia, anatia pua mfukoni. Simwekei tende. Sijui kwa nini siweki. Mkono wangu unakataa.

"Mafi," namwambia. "Hakuna."

Anatafuta tena.

Uvimbe uliisha zamani. Bado namtembeza.